Mafuta Hayaazimwi, Blanketi Linaazimwa



Wiki hii simu yangu haijapumzika. Kila anayejua kwamba Ijumaa tarehe 3 Julai tunakwenda kwenye tamasha ananiuliza swali lilelile: "Dada, nibebe nini?" Wengine wanauliza kuhusu hema, wengine kuhusu viatu, na kuna chalii mmoja wa besi ameuliza kama kutakuwa na mahali pa kuchomeka pasi. (Jamani. Pasi. Kambini.) Nimeahidi kuandika orodha na orodha iko humu humu, shuka tu polepole. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu tamasha la mwaka jana, na nisipoliandika kwanza, orodha yangu itakuwa ya uongo.

Kwa msiolijua, hili ni tamasha la muziki la wikiendi nzima, Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Linafanyika shambani, chini ya Mlima Meru, ukitoka Usa River kuelekea Momella. Unalipa kiingilio, unavishwa utepe mkononi, unasimika hema lako, basi, muziki mpaka usiku wa manane. Bongo fleva ipo, singeli ipo, amapiano ndiyo usiseme, na kwa kuwa hii ni Chuga, hip hop haiwezi kukosa. Mji uliowatoa X Plastaz na Joh Makini hauwezi kufanya tamasha watu wakasinzia. Sisi wa kwaya ya vijana hatuendi kuimba. Tunakwenda kama watu wengine, kusikiliza na kucheza.

Najua kuna watakaouliza kama kijana Mkatoliki anaruhusiwa kwenda huko. Swali hilo si letu peke yetu. Wenzetu wa Uganda wana tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, watu wanapiga kambi kando ya Mto Nile siku kadhaa. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, ambaye kabla ya siasa alikuwa padre, alitaka kulizuia, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 hoja ikarudi tena, safari hiyo bungeni, na mwisho serikali ikaliruhusu kwa masharti. Nimefuatilia mabishano yale kwa makini maana na mimi nina mama. Ninachokumbuka ni kwamba kila mtu alizungumzia nguo, pombe na mapenzi. Ni mambo ya kweli, siyapuuzi, na mlezi wetu ameshayasema vizuri kwenye kikao cha Jumapili iliyopita. Lakini mwaka jana mimi nilishinda vishawishi vyote vitatu. Sikunywa, sikuvaa vibaya, sikutoka na mtu. Nikatenda dhambi nikiwa nimelala hemani kwangu, nimejifunika vizuri, rozari mkononi.

Ngoja nieleze.

Mwaka jana hakuna mtu kwenye kundi letu aliyejiandaa kama mimi. Mjomba wangu ni mpagazi. Amepanda Kilimanjaro na Meru mara ambazo hata yeye hazihesabu tena, na vitu vingi vya baridi kwenye ukoo wetu vimetoka kwake, maana wageni wakishuka mlimani huwaachia wapagazi makoti, soksi nene na glovu. Aliniazima slipingi begi lake zuri kabisa. Mama naye akanipa blanketi lake zito, lile la kutandika wageni wakija. Nilikuwa na tochi na betri za akiba, dawa ya kichwa, maji, karanga, na ratiba ya misa ya parokia ya karibu niliyoinakili kwa kalamu, endapo simu itazima. Nilisali novena nzima nikimwomba Mungu anikinge na maovu ya tamasha. Anikinge *mimi*. Sikugundua wakati ule kwamba sala yote ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Hemani tulikuwa watatu. Mmoja analala kama gogo, huyo hayumo kwenye hadithi hii. Wa pili ni dada wa sauti ya kwanza, simtaji jina, lakini amesoma makala hii kabla yenu na ameniruhusu kuitoa. Huyu alikuja moja kwa moja kutoka kazini na kimkoba, sweta moja na khanga mbili. Alizoea baridi ya mjini, akadhani ni ileile. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai tunatetemeka hata tukiwa ndani ya kuta. Sasa ondoa kuta, weka kitambaa chembamba kwenye nyasi zenye umande, na nyuma yako mlima wa mita zaidi ya 4,500 unaokushushia upepo usiku kucha. Mama ana msemo wake: Meru akivaa kofia ya mawingu, na wewe vaa. Jumamosi ile Meru hakuvua kofia tangu asubuhi.

Muziki uliisha kama saa nane usiku. Tukaingia hemani. Mimi nikazama kwenye slipingi begi, na juu yake nikajitandazia blanketi la Mama. Mwenzangu akajikunja na khanga zake. Nikasikia meno yake. Sijui kama umewahi kumsikia mtu meno yakigongana gizani. Ni sauti ndogo lakini haikuachi ulale. Baada ya muda akaniita.

"Dada, naomba hilo blanketi la juu. Nakufa na baridi."

Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote. "Si niliwaambia mjiandae? Nikikupa, kesho mimi ndiye nitakayeumwa, na asubuhi nina misa."

Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Sawa. Naenda kwa wale kina dada wa hema la pili, wana jiko la mkaa. Ila asubuhi uniamshe, twende misa wote."

Nilisikia neno *jiko*. Nyumbani kwetu, kila Juni ikiingia, Mama huturudia kwamba jiko la mkaa halilali ndani na watu. Nimekua na onyo hilo. Nikasikia na zipu ya hema ikifunguliwa na kufungwa. Nikajifanya nimelala.

Na unajua nilijitulizaje? Kwa Injili. Nilijikumbusha wale wanawali kumi wa Mathayo 25. Watano wenye busara walikuwa na mafuta, wapumbavu wakawaomba, na wenye busara wakakataa wakawaelekeza sokoni. Nikajiambia, kumbe hata Bwana aliwasifu waliokataa. Nikalala kwa amani, usingizi mzito wa mtu mwenye haki.

Saa kumi na moja alfajiri nikaamka. Giza bado, nyasi nyeupe kwa umande. Nikavaa, nikachukua rozari. Hema la pili lilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, labda pungufu. Nilisimama nikalitazama. Nikawaza: nikienda kumwamsha nitaamsha watu wote mle, tena ataanza kulalamika baridi, tutachelewa. Kusema kweli, nilikuwa bado nimekasirika kidogo kwamba alinifanya nijisikie vibaya. Nikashika njia, nikapata bodaboda barabarani, nikawahi misa ya kwanza, kiti cha tatu kutoka mbele. Simu nilizima, kama inavyotakiwa.

Ilikuwa Jumapili ya 14 ya mwaka C, tarehe 6 Julai. Injili yake ni Luka 10, Bwana anawatuma wale wafuasi sabini na wawili wawili wawili, na anawakataza kubeba mkoba. Nilitabasamu kidogo nikafikiria begi langu lililojaa. Kwamba aliwatuma *wawili wawili*, hilo lilipita masikioni kama upepo. Nilipokea Komunyo. Nikashukuru kwamba Jumapili yangu haikuharibika.

Niliporudi kambini kama saa mbili, hema la pili lilikuwa limekunjuliwa upande, wazi, na hakuna mtu ndani. Palikuwa na jiko dogo limepinduliwa kwenye nyasi na matapishi pembeni yake. Kijana mmoja aliyekuwa anakwenda kujisaidia kabla ya saa kumi na mbili alisikia mtu akikoroma vibaya, akaita, hakuitikiwa, akachana zipu. Walikuwa wanne ndani. Watatu waliweza kutambaa nje. Wa nne, mwenzangu, alibebwa. Waliwekwa kwenye gari la mtu wakakimbizwa hospitali, wakawekewa oksijeni. Wote wako hai, na hilo naliandika mapema ili usisome kwa hofu. Yeye alilazwa siku mbili.

Lakini mimi nilipita pale saa kumi na moja. Fanya hesabu mwenyewe. Nimeifanya mara nyingi.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale ambao wamebeba jiko kwenye mpango wao, maana najua mpo. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi. Ukiivuta, damu yako huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi, na usingizi huo ndio hatari yenyewe. Mkaa ulioacha kutoa moshi na kubaki mwekundu tu, ule tunaodhani ndio salama, bado unaitoa. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko likae nje, mle, muote nje, na mkiingia kulala libaki nje. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Na ile imani kwamba konyagi inapasha joto, iacheni. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unahisi moto, kumbe joto la mwili ndilo linakimbia nje.

Tuendelee. Jumapili iliyofuata, tarehe 13 Julai, nilikuwa kanisani kwetu. Msomaji wa kalenda ya liturujia ameshajua Injili ilikuwa ipi. Luka 10 inaendelea: mtu ameanguka njiani, kuhani anapita upande wa pili, Mlawi anapita upande wa pili. Nimeisikia hadithi ile tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza na siku zote mimi nilikuwa Msamaria. Siku ile nilijua nilikuwa nani. Baba paroko alieleza kwamba yawezekana kuhani alikuwa na haraka ya ibada. Nikatazama chini mpaka misa ikaisha.

Nilikwenda kuungama juma lile. Ya kitubio yanabaki huko, ila naweza kusema tu kwamba kilinipeleka Sakina, nyumbani kwa mwenzangu, nikiwa na maziwa na mkate na sina la kusema. Mama yake alinikaribisha chai kama kawaida, kitu kilichonimaliza kabisa. Tulipobaki wawili nikaanza kulia nikimwambia sikupaswa kwenda misa, nilipaswa kubaki. Akanikatiza.

"Hukukosea kwenda misa. Ulikosea kutoniamsha. Si nilikuomba?"

Basi. Hayo tu. Akaniuliza kama nimeleta na sukari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma Mathayo 25 kama mtu anayetafuta funguo alizopoteza. Na jambo la kwanza nililoliona ni la aibu, kwa sababu liko wazi kabisa: sura ileile inayoanza na wanawali inamalizika na Mfalme anayewatenga kondoo na mbuzi. Kutoka aya ya 1 hadi ya 46 ni ukurasa mmoja na kidogo. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa sura, nikachukua neno nililolipenda, nikaondoka bila kufika mwisho ambapo Bwana mwenyewe yuko uchi na anauliza nani alimvika. Mwaka huu wa liturujia ni mwaka A, kwa hiyo sehemu zote mbili zitasomwa Novemba: wanawali Jumapili ya tarehe 8, na hukumu tarehe 22, sherehe ya Kristo Mfalme. Kanisa limeziacha zikaribiane. Mimi ndiye niliyezitenganisha.

Jambo la pili lilichukua muda. Je, wale wanawali wenye busara walikosea? Hapana, Bwana hawalaumu. Basi kwa nini wao wanasifiwa kwa kunyima, na mbuzi wa mwisho wa sura wanahukumiwa kwa kunyima? Nilimuuliza mlezi wetu, yeye akanirudishia swali: yale mafuta unadhani ni nini? Kuna vitu ambavyo hata ningetaka siwezi kukugawia. Imani yangu siwezi kukukatia nusu. Siwezi kusali kwa niaba yako mpaka wewe usihitaji kusali, siwezi kutubu badala yako, siwezi kumpenda Mungu ukahesabiwa umempenda wewe. Saa ile bwana arusi anapofika, kila mtu ana taa yake. Mafuta hayaazimwi si kwa sababu mwenye nayo ni mchoyo; hayaazimiki, basi.

Lakini blanketi si mafuta! Blanketi linatoka bega moja linakwenda bega lingine bila shida yoyote. Vivyo hivyo mkate, nauli, chaji ya simu, nusu saa ya usingizi, hatua ishirini za kwenda kumgongea mtu. Kosa langu lilikuwa kulichukua blanketi na kuliita mafuta. Na ukichunguza, tunafanya hivyo sana sisi watu wa kanisani. Tunamwambia mtu mwenye njaa habari za bidii. Tunamwambia binti aliyepata mimba habari za busara. Vitu vinavyogawika tunavifungia kwa maneno ya vitu visivyogawika.

Halafu nikakutana na Mtakatifu Augustino. Akihubiri juu ya mfano huu wa wanawali, yeye alifikiri mafuta yale ni upendo wenyewe. Nikafunga kitabu. Maana kama ni hivyo, usiku ule hemani nilikuwa nakataa kutoa mafuta ambayo hata sikuwa nayo. Taa ilikuwa nzuri, imesuguliwa, novena nzima juu yake. Ndani ilikuwa kavu.

Nilimsimulia mjomba haya yote, maana ilibidi nimrudishie slipingi begi lake. (Na hilo nalo: lile begi nililojibanza ndani yake nikimnyima mtu blanketi lilikuwa la kuazimwa. Blanketi lenyewe la Mama. Hemani mle hapakuwa na kitu changu cha joto isipokuwa soksi.) Mjomba si mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba mlimani mzigo wa mpagazi hupimwa getini kwenye mizani, haupaswi kuzidi kilo 20, kwa hiyo kila mtu anajua mwenzake amebeba nini na hakubeba nini. Usiku kambini hakuna anayeuliza nani hakujiandaa. Mnajipanga kwenye hema, aliyevaa vyepesi analala katikati. Kumcheka mnamcheka mkishafika chini.

Aliyevaa vyepesi analala katikati. Nilipofika nyumbani nikafungua Kutoka 22:26-27, mahali ambapo Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba ukichukua vazi la jirani yako kama rehani, ulirudishe kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo analojifunikia usiku. Fikiria hilo. Mungu aliyeumba mbingu na nchi anajishughulisha na swali la mtu fulani atalala amejifunika nini. Sheria ya blanketi imo ndani ya Torati.

Na kwa wanakwaya nina zawadi. Mnamjua Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari kijana aliyemkuta maskini kwenye lango la mji wa Amiens, Ufaransa ya leo, wakati wa baridi kali, akachomoa upanga akalikata joho lake vipande viwili. Alikuwa bado mkatekumeni, hajabatizwa. Waliokuwepo wengine walimcheka alivyobaki na nusu vazi. Usiku akamwona Kristo ndotoni amevaa kile kipande. Napenda kwamba alikata nusu. Hakujitia ushujaa wa kutoa lote akafa yeye. Alibaki na nusu, wote wawili wakawa na baridi kidogo na wote wawili wakaishi. Sasa sikilizeni: joho lile lilihifadhiwa, wafalme wa Wafranki walilibeba hata vitani, na kwa Kilatini likaitwa *cappella*, yaani joho dogo. Mahali lilipotunzwa pakachukua jina hilo, na ndiyo asili ya neno la Wazungu la kanisa dogo. Na kuimba bila vinanda, kwa namna ya kanisa dogo, kukaitwa *a cappella*. Kila mara mwalimu wa kwaya anapozima kinanda na kusema leo tunaimba akapela, anataja nusu ya blanketi.

Haya, orodha.

Hema, na ulisimike nyumbani kwanza mara moja. Mwaka jana kuna watu walisimika lao kwa tochi saa tatu usiku huku wakigombana. Turubai au nailoni ya kutandika chini kabla ya godoro, maana baridi kubwa inatoka ardhini. Soksi kavu za kulalia ambazo huzivai mchana. Kofia. Koti la mvua. Tochi. Maji. Chakula kisichohitaji jiko kwa usiku. Nguo za baridi usinunue dukani kwa bei ya mtalii: soko la Tengeru linafurika Jumatano na Jumamosi, na kwenye mitumba ukichagua kwa subira unapata jaketi zuri ukabaki na nauli. Rozari, ndiyo. Biblia ya simu isitegemewe, mtandao kule unakuja na kuondoka. Na blanketi mbili. Najua unasema huna la pili. Azima.

Kisha kuna jambo ambalo haliingii kwenye begi. Kila mmoja anapewa mtu wake. Tumeandika majina kwenye karatasi, tukaviringisha, kila mtu akachota. Mtu wako ukimkosa kwa saa moja unamtafuta. Kabla ya kulala unajua amelala wapi na amejifunika nini. Asubuhi unamwamsha wewe, hata akinuna. Ikiwa amekunywa, humwachi kwa watu usiowajua, na mahubiri unayaahirisha mpaka Jumanne. Mwenzangu wa Sakina anakuja mwaka huu, na hapana, sikumchota yeye. Nimemchota yule chalii wa pasi.

Tukitoka mjini tutasimama Tengeru dakika chache. Walezi wameomba hivyo. Wengi mnapita pale kila siku bila kujua kwamba kuanzia 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi karibu 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, Wakatoliki kama sisi. Walikuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za Urusi ya Kisovieti, wakatoka kupitia Iran mpaka wakafika huku chini ya Meru. Makaburi ya waliofia hapa bado yapo na yanatunzwa. Tutawaombea. Hao walijua baridi kuliko sisi sote, na walipiga kambi bila tarehe ya kurudi.

Jumamosi, tarehe 4 Julai, ni kumbukumbu ya Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, yule kijana wa Torino aliyependa milima na marafiki wenye kelele, aliyefariki 1925 akiwa na miaka 24, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba mwaka jana pamoja na Carlo Acutis. Nauli yake ya treni mara nyingi iliishia kwa maskini, akarudi nyumbani kwa miguu. Tutasali pamoja asubuhi kabla muziki haujaanza.

Misa ya Jumapili ni saa kumi na mbili kamili asubuhi. (Na kwa wenye safari zao: misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, kama kuna parokia inayoiadhimisha njiani kwako.) Tunaamka saa kumi na nusu. Hatuondoki mpaka tumehesabiana, na anayeumwa habaki peke yake. Injili ni Mathayo 11, Bwana anawaita waliolemewa na mizigo, kwa hiyo mabegi yaacheni hemani.

Kukutana ni Ijumaa saa nane mchana, nje ya geti la kanisa. Basi halingoji, dereva ameshatuonya. Blanketi la pili nimelifua juzi, lakini jua la Arusha mwezi huu ni la kubahatisha. Limeshinda kwenye kamba siku mbili na upande mmoja bado una unyevu. Mama amesema atalipiga pasi.

Pasi, kumbe. Nitamwambia yule chalii.